Mmetaja dawa, mmeacha saa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu dawa inayowanoa panya akili ilitaja jina la dawa na kipimo chake, ila saa ya sindano haimo. Hapa Amu mzazi mwenye mtoto wa mtihani akisoma kichwa kile, mguu wake ni dukani kwa dawa.

Panya akidungwa kabla ya kufunzwa, hujui dawa imegusa nini. Labda kaona vyema zaidi, labda hakusikia uchungu. Ndiyo maana hufunzwa kwanza. Huwekwa upande wenye mwanga wa sanduku. Akiingia gizani hupigwa umeme miguuni, mara moja. Kisha ndipo sindano. Kesho yake, dawa imekwisha mwilini, huhesabiwa sekunde anazosita kabla ya kuingia tena. Umeme uwe hafifu: ukiwa mkali panya wote hugoma kuingia, na dawa haina la kuongeza.

Mwaka 1975 watafiti Gold na van Buskirk walitumia adrenalini, homoni ya mshtuko, miligramu 0.1 kwa kilo, yaani 0.03 kwa panya wa gramu 300. Waliodungwa papo hapo walikumbuka zaidi. Waliongojeshwa saa mbili hawakupata kitu. Hao wa saa mbili ndio shahidi kwamba dawa hufanya kazi kumbukumbu ingali mbichi. Kama ni mabaki ya dawa yanayomsaidia panya siku ya pili, wao waliochelewa ndio wangefaidi zaidi. Na dozi ikizidi sana, adrenalini iyo hiyo huvuruga kumbukumbu.

Umeme wa kichwani, unaofuta kumbukumbu, nao una saa yake. Mtafiti Duncan, 1949, aliwafunza panya kukimbia ili waepuke umeme wa miguuni. Waliopigwa kichwani sekunde 20 baada ya zoezi walijifunza kwa shida. Waliopigwa baada ya saa moja au zaidi hawakudhurika. Mwaka 1960 Coons na Miller walipinga, na walikuwa na hoja: huenda panya hakusahau, bali aliogopa kwenda panapomletea kipigo cha kichwani. Sanduku la giza hutenganisha mambo hayo mawili. Mwenye hofu hugoma kuingia, aliyesahau huingia. Panya waliopigwa kichwani mara tu baada ya somo huingia.

Mkiandika tena, tuambieni sindano ilitiwa dakika ya ngapi, na kama kulikuwa na kundi la waliocheleweshwa.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu