Kusi inakaribia, boti zetu tuzilaze wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotusumbua wenye vyombo vidogo hapa Tanga kila mwaka upepo wa kaskazi unapolegea. Masika yakipita inaingia kusi na kipupwe chake, na kuanzia Juni hadi Agosti boti ya mita tano haina la kufanya nje ya kisiwa cha Yambe. Lazima ipandishwe, ilazwe. Kulaza tunajua. Pa kulaza ndipo hatuna.

Boti yangu ni ya faiba, urefu mita 4.8, upana mita 1.6, mashine yake HP 15, na trela nililochomelewa na fundi wa mtaani. Nakaa Ngamiani, nyumba ya vyumba sita, ua tunatumia pamoja na wapangaji wawili. Uchochoro wa kuingilia uani nimeupima: mita 1.75. Trela na matairi yake halipiti. Kwa hiyo kila mwaka nasimama pale mdomoni mwa uchochoro, naita vijana sita, tunaishusha boti na kuibeba mikononi. Kila upande unabaki upana wa kiganja. Mmoja anatangulia na gunia, analiweka kwenye kona ya ukuta boti isikwangue plasta ya jirani. Kisha tunafungua matairi ya trela, linapitishwa kwa ubavu, na uani nalisimamisha wima ukutani, pua juu, nalifunga kwa mnyororo kwenye shina la mwarobaini. Boti naifudikiza juu ya matairi matatu makuukuu.

Sikuanza na akili hiyo. Mwaka 2019 niliiacha juu ya trela kwenye kiwanja kitupu cha ndugu yangu, nikaifunika turubai la plastiki, nikaona nimemaliza. Kizibo cha kutolea maji sikukitoa. Mvua za masika zikalijaza turubai likabonyea, likachanika, maji yakaingia ndani. Nilipokwenda kuangalia, maji yalikuwa yamefika sentimita 20. Eneo la ndani ni kama mita 3 kwa 1.2, kwa hiyo hayo ni lita 720, yaani kilo 720 juu ya trela lililotengenezwa kubeba boti tupu. Springi moja ilikatika, boti ikaangukia shavu, chini ikapasuka ufa wa urefu wa mkono. Lakini kilichoniumiza zaidi ni jirani wa kile kiwanja, mama mtu mzima, aliyenishika mkono akaniambia, "Mwanangu, njoo uone unachotufugia." Viluwiluwi walikuwa wamejaa, wanapanda na kushuka. Ndio mwaka ule ule homa ya dengue ilipotuandama Dar es Salaam na hapa Tanga, na mbu wake anapenda maji yaliyotuama kama yale. Ndani ya siku kumi hivi yai limeshakuwa mbu. Nilimwomba radhi siku ile, na hata leo nikipita kwake bado naona aibu.

Kwa hiyo wenzangu mnaobaki na boti juu ya trela, toeni kizibo, pua iwe juu kuliko tezi, yaani nyuma ya boti, na turubai liwekewe mti katikati kama paa la kibanda, pande mbili ziachwe wazi hewa ipite. Faiba yenyewe haiozi, ila ule ubao ulio ndani ya tezi, unaobeba mashine, ukinywa maji unaoza kimyakimya, nawe utajua siku mashine inapoanza kucheza. Beringi za trela zioshwe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, na zipigwe grisi mpya kabla ya kulala, maana chumvi haipumziki. Mashine iendesheni ndani ya pipa la maji baridi, halafu mfunge mafuta iungurume mpaka izime yenyewe, kabureta ibaki kavu.

Na hapo kwenye mafuta ndipo penye hoja yangu hasa. Mama watoto anakaanga maandazi uani tangu saa kumi alfajiri. Msimu mmoja niliweka tangi la petroli, limebaki nusu, nyuma ya boti, hatua nne kutoka kwenye jiko lake. Niliona ni mbali. Asubuhi moja akanena taratibu tu kwamba anasikia harufu. Nilikwenda kulishika tangi, kifuniko kilikuwa kimelegea, na makaa yalikuwa mekundu. Watoto wa wapangaji walikuwa bado wamelala. Siku hiyo hiyo nililiondoa, na tangu hapo halilali tena uani. Lakini najua nyumba nyingi Ngamiani na Chumbageni ambazo tangi liko chini ya kitanda, kwa sababu mwenye boti hana pengine pa kuliweka na pwani anaogopa wezi.

Marehemu baba alikuwa na ngalawa ya mwembe. Wakati wake chombo hakikuja mtaani. Kilikwezwa pwani juu ya magogo, ndubi, yale mabawa yake ya ubavuni, zikafunguliwa kamba ili kisichukue nafasi ya wenzake, kikakazwa kwa gadi, miti ya kukiegemeza kisilale ubavu, kikafunikwa makuti. Makuti yanazuia jua na bado yanapumua, mti haukauki ukapasuka. Vyombo vilikaa bega kwa bega chini ya minazi na mzee mmoja akivilinda usiku. Leo sehemu kubwa ya ile pwani niliyochezea ni ukuta, na palipobaki ni njia ya kushushia samaki.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) walitupa tahadhari mapema na tulisikia. Kila mwenye chombo alitaka kupandisha siku ile ile. Tulivirundika vingine juu ya vingine, viwili vikavunjana mbavu kabla upepo haujafika. Kimbunga kilitua Mafia tarehe 4, sisi Mungu akatunusuru. Pa kuviweka hapakuwepo.

Ninachoomba ni kipande cha ardhi karibu na mwalo, kizungushiwe uzio, kiwe cha kulazia vyombo vidogo wakati wa kusi. Boti moja iliyofudikizwa inahitaji kama mita 5 kwa 2. Boti 30 pamoja na njia ya kupitishia trela hazifiki hata robo ya kiwanja cha mpira. Kiwe na mlinzi, pipa la maji baridi la kuoshea mashine, na kijumba cha matofali mbali kidogo cha kuwekea mafuta. Najua nitaambiwa habari ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, nami naiunga mkono kwa moyo wote, kwani ingefuatwa tangu mwanzo tusingekuwa tunabeba boti vichochoroni. Boti inayolala miezi mitatu kisha ikarudi majini si jengo. Na kama itaonekana hata hivyo haifai, uzio uwekwe nyuma ya hizo mita 60. Trela lina magurudumu, tutasukuma.

Ada tutalipa. Mimi kila msimu nalipa vijana wa kubeba, nalipa plasta ya jirani, na nimeshalipa springi.

Nawaomba viongozi wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia uvuvi pwani, na wa halmashauri watuite kabla masika hayajakolea. Mimi huwa mwaloni kila Jumamosi asubuhi, samaki wakishashushwa. Nitakuja na futi kamba, na gadi sita za baba ninazo bado, nzima, nimezihifadhi chini ya boti.

Msomaji wako,
Mvuvi, Ngamiani, Tanga