Harambee ya chumba cha mazoezi kwa waliopata kiharusi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa washarika wa hapa Hai, nanyi mlioko Dar, Arusha na ughaibuni.

Mgonjwa aliyepooza upande mmoja anapelekwa mazoezini mjini kwa bodaboda, mshikaki, katikati ya dereva na ndugu anayemshikilia. Mguu uliolegea hautulii kwenye kikanyagio, unaburuzika barabarani. Akishushwa anavutwa kwa mkono uleule uliopooza, na bega lisilo na misuli ya kulishika linaachia taratibu. Wengi huenda mara mbili tatu wakaacha, tena katika miezi ya mwanzo ambayo mwili hurudisha nguvu kwa kasi zaidi.

Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa matibabu, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tunashukuru. Lakini msamaha haulipi nauli, na mazoezi ya kiharusi ni ya wiki kwa wiki.

Chumba nyuma ya ukumbi tunacho. Kinachokosekana ni vifaa. Bomba mbili za chuma za inchi moja na nusu, za mita 6: moja ikatwe katikati tupate reli mbili za kujifunzia kutembea, nyingine itoe nguzo sita za mita 1, sentimita 15 zizame kwenye zege. Kati ya reli na reli ziachwe sentimita 60. Zikitanuka zaidi, mgonjwa anaegemea upande mzima na ule mbovu haufanyi kazi. Kitanda cha mbao kiwe na kimo cha sentimita 50, nyayo zikanyage sakafu akikaa, na sponji iwe ngumu, kwani kwenye laini anazama na hawezi kujigeuza. Mlangoni pana kizingiti cha sentimita 30, hivyo mteremko wa kiti cha magurudumu unahitaji mita 3.6. Saruji, mchanga na kokoto vinapokelewa. Inabaki nauli ya mtaalamu wa fiziotherapia.

Mlioko Dar, msiseme haya ni ya wazee wa kijijini. Utafiti wa 2003 hadi 2006 ulikuta, kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, wagonjwa wapya wapatao 109 hapa Hai na 316 huko kwenu, umri ukiwa umesawazishwa. Bati za zahanati mlizitoa bila kusukumwa, Mungu awabariki. Harusi tunazichangia kwa kadi na kwa wakati. Mzazi aliyelala kitandani hana kadi ya kuwatumia.

Michango ipokelewe na mhazini kwa stakabadhi. Mapato na matumizi yatasomwa ibadani na kubandikwa ubaoni. Mtakaokuja nyumbani Desemba, leteni ahadi kabla, fundi aanze kuchimba mashimo ya nguzo.

Siku ya harambee kipimo cha presha kitakuwa mlangoni. Pimeni kwanza, na mnaotumia dawa njooni mkiwa mmezinywa.