Kwa mdogo wetu unayetaka kujitolea uokoaji ziwani

Mdogo wetu mpendwa,

Tumesikia unataka kujitolea pale mwaloni Masese, kwenye Ziwa Victoria huko Jinja, Uganda, uwe mkono wa polisi wa majini. Tumefurahi kwelikweli. Ila wewe ni mwogeleaji hodari, na wanaojua kuogelea ndio hukimbilia kujitosa. Anayezama hukamata chochote, na cha karibu ni shingo ya mwokoaji. Kwanza mnyooshee kasia au mti mrefu. Akiwa mbali, mrushie kamba. Ikishindikana, mfuate kwa mtumbwi. Kujitosa waachie waliofunzwa.

Kamba itengeneze mwenyewe. Twaa jerikeni ya lita 5, tia maji kikombe kimoja ipate uzito wa kurushika, kaza kifuniko, kisha funga mpinini mita 20 za ile kamba ya plastiki inayoelea, unene wa milimita 8. Ya nailoni huzama na kunaswa na propela. Rusha ipite kichwa chake, halafu ivute taratibu mpaka imfikie mkononi. Mkifika kwa mtumbwi, elekezeni omo, yaani pua ya mtumbwi, kwenye upepo na mzime injini kabisa kabla ya kumgusa. Mkiiacha ikinguruma, propela yaweza kumkata. Mmoja amvute, wengine waegemee upande wa pili, la sivyo mtapinduka wote.

Lakini kazi kubwa iko nchi kavu, kabla chombo hakijang'oa nanga. Hapo utaokoa wengi kuliko utakavyookoa kwa kamba.

Kagua majaketi ya kujiokolea moja moja. Abiria huyakalia kama mito, na sponji iliyobanwa miezi mingi hupoteza nguvu ya kuelea. Libinye: likibaki na shimo la vidole, limekwisha. Lililoandikwa nyutoni 100 (kipimo cha nguvu ya kuelea) linapaswa kubeba jiwe la mizani la kilo 10 bila kuzama. Lifunge nalo kando ya gati, uliache usiku kucha, ulitazame asubuhi. Lililozama lichane, lisirudi chomboni. Mtoto asipewe la mtu mzima, atachoropoka chini. Kamba za kifuani zikazwe. Jaketi lisilofungwa hupanda usoni na kumwacha mwenyewe akiteremka.

Kisha daftari. Andika saa ya kuondoka, aendako, idadi ya watu pamoja na watoto wa mgongoni, rangi ya chombo na simu ya nahodha. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilipozama ziwani humo upande wa Mukono, ilikuwa imejaza watu kupita kiasi na walikufa zaidi ya 30. Idadi kamili ya waliopanda haikujulikana, hivyo wapiga mbizi walikuwa wakitafuta bila kujua wamebaki wangapi chini.

Wavuvi wa mukene, yaani dagaa, wako majini usiku, na usiku ndio wakati mbaya. Nchi kavu ikipoa, upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevunyevu hupanda, na radi hupiga kuelekea alfajiri. Ukiona umeme upande wa ziwa, wasihi wasubiri. Watakusikiliza wakikuamini, kwa hiyo usiguse kabisa mambo ya nyavu haramu na leseni. Ukishaitwa mpelelezi wa nyavu, hakuna atakayekupigia simu akizama.

Aliyetolewa majini bila kupumua asining'inizwe kichwa chini wala kukandamizwa tumbo, ingawa utawaona wazee wakifanya hivyo. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5, kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, na kuendelea hivyo hivyo. Kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mkichoka mpokezane. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali, maana maji yaliyoingia mapafuni huweza kumrudia saa kadhaa baadaye.

Na chombo kisipofika saa iliyoandikwa, mpigie nahodha. Asipopokea, pigia polisi 999 au 112 papo hapo, usingoje giza. Soma daftari neno kwa neno, kisha sema upepo unavuma kuelekea wapi, kwa sababu huko ndiko watakakosukumwa.

Ndugu zako