Salamu za shukrani kwa wauguzi, majirani na wote waliotufariji

Familia ya marehemu binti yetu wa miezi 9, aliyetangulia mbele ya haki kwa nimonia kali na kuzikwa hapa Tanga, inatoa shukrani za dhati kwa wote walioshirikiana nasi kwa hali na mali tangu alipougua hadi alipositiriwa.

Shukrani za pekee ziwaendee wauguzi wa wodi ya watoto alikolazwa, hasa chumba cha mahututi. Tumewatanguliza kwa makusudi, na wazee wetu watatuwia radhi. Nesi aliyetupokea usiku ule hakuanza kwa kuulizia kadi wala pesa. Alimfunua mtoto kifua, akatazama saa, akahesabu pumzi dakika nzima. Kwa umri wake pumzi 50 kwa dakika tayari ni za mbio. Zake zilizidi, na kila akivuta, kifua kilibonyea chini ya mbavu. Kifaa cha kidoleni kilionyesha oksijeni iko chini ya asilimia 90. Mama hajamaliza kujieleza, mipira imeshawekwa puani.

Kunyonya hakuweza tena. Mama alikamua maziwa kwenye kikombe, na kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, nesi wa zamu aliyatia kwenye bomba la sindano lililounganishwa na mpira wa kwenda tumboni. Hakuyasukuma. Aliliinua bomba tu, maziwa yakashuka yenyewe polepole, huku anamwita mtoto kwa jina kama vile anamlisha bibi harusi.

Hapo hapo tuseme na hili. Msibani yamepita maneno kwamba oksijeni ndiyo iliyommaliza. Jamani, yakome. Oksijeni huwekewa mtoto aliyekwisha kuzidiwa, ndiyo maana wengine hufariki wakiwa nayo, na wengi tumewaona wakitoka wodini mle wamebebwa mgongoni, wazima. Wetu ilimpunguzia tabu ya kuvuta pumzi. Kilichomchukua ni nimonia, na siku yake ilikuwa imefika. Asije mzazi akamnyima mwanawe ile mipira kwa kusikia habari zetu.

Hali ilipobadilika wauguzi walihangaika naye mpaka daktari aliposema basi. Mama hakutolewa nje. Alivutiwa kiti, akapakatishwa mwanawe, na hakuna aliyemharakisha.

Tunamshukuru imamu wetu na waumini, vijana waliochimba kaburi mvua ikinyesha, akina mama wa kikundi cha kufa na kuzikana waliosimamia jiko, dereva wa bajaji aliyekataa nauli, wavuvi wenzake baba mtoto, na ndugu zetu walioko Muscat. Si rahisi kumtaja kila mmoja. Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Mwisho, michango ya matibabu. Baada ya kulipia dawa zilizokosekana dirishani na gharama za mazishi, kimebaki kiasi. Familia imeafikiana kinunuliwe kifaa cha kupimia oksijeni chenye kibanio kidogo cha watoto, kikabidhiwe kwa muuguzi mkuu wa wodi. Risiti ziko kwa baba mdogo wa marehemu. Aliyechangia akiwa na wazo jingine amwone kabla ya Ijumaa.