Mwanangu, ile asilimia mia usiiamini

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Juzi uliponipigia usiku sikuiitikia vizuri shikamoo yako, kwa sababu nilisikia kilio kabla ya salamu. Kompyuta umeiweka begini ina chaji asilimia sitini, umefika hosteli umeikuta imezima, umeme wenyewe hakuna, na ukurasa mzima wa andiko lako la utafiti haupo. Nilikwambia pole, nikakwambia ukalale. Mimi sikulala. Barua hii naitia kwenye boksi la unga na dagaa litakalopanda basi hapa Msamvu kesho alfajiri, maana mambo haya hayaelezeki kwa simu ya dakika tano mtu akaelewa.

Wewe unadhani betri imekufa. Mimi nadhani bado. Ulifunika kompyuta, ukaitia begini, ukatoka maktaba. Kufunika si kuzima, mama. Ikifunikwa inaingia slipu: kioo kinazimika, lakini kazi yako yote imebaki kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, na RAM inataka umeme muda wote, ukikatika inasahau kila kitu. Tena mashine nyingi za miaka hii zikiwa slipu huwa zinaamka zenyewe kutafuta Wi-Fi, kupokea barua pepe, kushusha masasisho. Ndani ya begi lililofungwa zipu hakuna pa kutolea joto, feni inazunguka bure, chaji inaliwa. Uliniambia ulihisi begi lina moto mgongoni ukadhani ni jua la Dodoma. Hapo ndipo nilipojua.

Dawa yake ni haibaneti. Hiyo inachukua kila kilicho wazi, inakiandika kwenye diski, kisha mashine inazima kabisa, hailambi chaji. Kuwaka inachelewa kidogo kuliko slipu, lakini unakuta sentensi yako ulipoiachia. Windows huwa haiionyeshi, inabidi uiite. Kwenye sehemu ya kutafutia andika Control Panel, ingia sehemu ya umeme, halafu kushoto ubonyeze mstari unaohusu kazi za vitufe vya kuwashia. Kama vile visanduku vya chini vimefifia, bonyeza maandishi yenye alama ya ngao, vitafunguka. Weka tiki kwenye Hibernate. Ukiwa hapo hapo, kwenye mstari wa kufunika kompyuta, chagua hiyo hiyo Hibernate, upande wa betri na upande wa chaji, kisha hifadhi. Na Word huandika nakala ya dharura kila dakika 10 kama hukuigusa. Ingia kwenye mipangilio yake uiweke dakika 2.

Sasa betri yenyewe. Siku niliyoinunua kompyuta hiyo Kariakoo kwa hela ya mchezo, muuzaji alinionyesha asilimia 100 pale pembeni ya saa, akasema, "Mama, hii betri mpya kabisa." Nikamwomba anifungulie ile dirisha nyeusi ya cmd, nikaandika mwenyewe: powercfg /batteryreport. Nikabonyeza Enter, ikanitajia lilipo faili, nikalifungua. Lina majedwali mengi, usihangaike nayo. Tafuta namba mbili tu karibu na juu: ujazo ambao betri ilitoka nao kiwandani, na ujazo inaoufikia leo ikijaa. Ya kwanza ilisoma 50,000. Ya pili ilisoma 41,000. Nilijua nanunua mtumba, nikakubali, ila alinipunguzia bei.

Ielewe hivi. Ndoo ya lita 20 ikituama mchanga chini, ukikinga maji inajaa mpaka ukingoni, na mtu akiiangalia kwa juu atakwambia imejaa. Kweli imejaa, lakini si lita 20. Ile asilimia 100 ni ya ndoo ilivyo leo, siyo ilivyotoka kiwandani. Hesabu yake inapigika: zile 41,000 ni mWh, yaani elfu moja za saa-wati, kwa hiyo ni saa-wati 41. Mashine ikila wati 10 utapata kama saa nne. Ukiishusha ikala wati 7, unakaribia saa sita. Betri ni ile ile. Una kazi mbili, basi: kulifunga bomba lisimwage ovyo, na kuzuia mchanga usituame haraka.

Bomba kubwa kuliko yote ni kioo. Najua unakaa dirishani kwa sababu ya upepo, jua linapiga kwenye kioo, unapandisha mwanga mpaka mwisho. Geuza kiti. Kioo kikiwa kivulini, nusu ya mwanga inatosha kusoma na macho hayaumi. Zima taa za kibodi mchana. Modemu na flashi zichomoe ukishamaliza nazo, kila kilichochomekwa kinakula. Kile kiokoa betri cha Windows hujiwasha chaji ikishashuka sana. Wewe kivute kianze kwenye asilimia 50, hasa siku ambazo hujui umeme utarudi saa ngapi. Na kwenye mipangilio ya betri kuna orodha ya programu zilizokula chaji nyingi. Itazame kila wiki. Nina hakika utaikuta Chrome juu, na vichupo vyako thelathini ambavyo husomi.

Mchanga ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu nimeulipia mwenyewe. Unaikumbuka kompyuta ya dukani, ile ya kuchapia? Miaka mitatu niliiacha kwenye chaji tangu nafungua mpaka nafunga, iko pembeni ya mashine ya fotokopi inayotema joto, juu yetu bati. Niliona ndiyo kuitunza, haishuki hata asilimia moja. Kisha kile kibao cha kugusa kwa kidole kikaanza kuwa kigumu. Kubonyeza kushoto kukakataa. Nikadhani ni vumbi la karatasi, nikapuliza, nikafuta na pamba. Siku moja mdogo wako akaweka rula juu yake, rula ikabembea. Katikati palikuwa pameinuka. Fundi alipofungua mfuniko wa chini, betri ilikuwa imevimba kama andazi, inakisukuma kibao kutoka ndani. Akaniambia nimshukuru Mungu sikuibonyeza wala kuichoma na kitu chenye ncha. Ukiona hivyo siku yoyote, hata kidogo, usiichaji tena. Izime, iweke mbali na kitanda, upeleke kwa fundi.

Wewe unasoma kemia, utayaelewa haya kuliko mimi. Betri hizi za lithiamu ni zile zile zilizowapa Goodenough, Whittingham na Yoshino Tuzo ya Nobel mwaka 2019, na adui zake ni wawili wanaosaidiana: joto, na kukaa imejaa pomoni. Kila seli ikijaa inafika kama volti 4.2, na ikishikiliwa hapo kwa muda mrefu, tena kwenye joto, ile dawa ya ndani inachakaa, inatengeneza gesi, ujazo unapungua. Mimi niliwapa adui wote wawili chumba kimoja kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo ukiwa unasoma mahali penye umeme siku nzima, ichaji iishie 80. Kompyuta nyingi zina mahali pa kuweka kikomo hicho, ama kwenye programu ya kampuni iliyoitengeneza, ama kwenye BIOS, ile skrini inayofunguka kabla Windows haijawaka. Kama ya kwako haina, chomoa kwa mkono ikifika hapo. Siku ya safari, au siku ya mtihani, ijaze mpaka 100 bila hofu; kujaa kwa usiku mmoja hakuiui. Ukienda mazoezi ya kufundisha ukaiacha wiki kadhaa, iache na chaji ya nusu, siyo imejaa wala tupu.

Na wale wanaokwambia uimalize mpaka izime ndipo uchaji, wasamehe, usiwafuate. Hayo yalikuwa ya betri za nikeli za zamani. Ndiyo yale yale tuliyokuwa tukiambiwa tukinunua simu, kwamba ya kwanza uichaji masaa manane. Lithiamu haipendi kukauka. Ikifika 20 au 30, ichomeke.

Godoro nalo. Nimeona picha uliyomtumia mdogo wako, umelala kifudifudi, kompyuta imezama kwenye shuka. Matundu ya chini ndipo inapovutia hewa, na shuka linayaziba kama mkono juu ya pua. Utaona feni inapiga kelele. Hapo inakula chaji ya leo na ujazo wa mwakani kwa pamoja, na Oktoba na Novemba huko kwenu joto silisimulii.

Unaweza kusema mama siku hizi umeme umepata nafuu. Ni kweli, tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uanze kuzalisha Februari 2024 hata dukani kwangu nimepumua, zile siku za mgao ambapo nilirudisha wateja na vyeti vyao mkononi zimepungua. Lakini nguzo ikianguka kwa mvua, au LUKU ya chumba ikiisha saa sita usiku, bwawa halikusaidii. Una mwaka na nusu mbele yako, na betri nyingine nzuri sina hela yake mwaka huu. Nakwambia wazi ili ujue kwa nini nimeandika kurasa zote hizi.

Kile kibao kilicho chini ya boksi si cha kukatia mboga. Baba yako amekipiga randa jana jioni akakitoboa matundu mstari kwa mstari, uweke kompyuta juu yake ukiwa kitandani, hewa ipite. Pembe moja bado ina ukali, isugue na msasa niliokufungia kwenye gazeti.

Ukishapokea, toa ile ripoti, piga picha zile namba mbili unitumie WhatsApp. Nataka kuiona ya pili imebaki ngapi. Na boksi ulichukue stendi mapema, dagaa wasikae juani.

Mama yako