Kabla Hujashika Mkasi, Tuletee Mnazi Wako

Jumatatu asubuhi mama mmoja wa Nyali aliturudishia kitaluni areka yake, mnazi wa mapambo, kwenye buti la gari, makuti yamefungwa kamba kama mzigo wa kuni. Hata salamu hakuna: "Mliniuzia mti mgonjwa." Tukamuuliza umekaa wapi. Kumbe ofisini, chini ya kiyoyozi, rimoti inasoma 16, usiku na mchana.

Malalamiko haya tumeyachoka: mara mti ni mgonjwa, mara kipupwe kimeuua. Kipupwe cha Mombasa hakiui minazi ya mapambo. Hata Julai, usiku wetu hucheza kwenye nyuzi 20. Kinachoiumiza ni mdomo wa kiyoyozi, maana hewa inayotoka pale ni baridi kuliko namba ya kwenye rimoti, na tena kavu. Au ni kupelekwa bara. Na jeraha la baridi halionekani siku ile ile. Kuti hubaki kijani siku kadhaa, kisha ndipo linageuka kahawia, na lawama inatujia sisi.

Hapo ndipo mkasi unapotolewa. Bwana mmoja alinunua kwetu minazi sita ya shina jekundu, akaipandisha Limuru, kule bara kwenye baridi, mwezi wa Julai, usiku, kwenye lori lisilo na turubai. Makuti yalipobabuka tukamwambia kwa simu: usiguse kitu. Shamba boi akakata yote, akamwagia mbolea ili "ipate nguvu". Minne ikafa. Iliyopona ni miwili iliyokuwa nyuma ya jiko, aliyoisahau. Kuti lenye kijani nusu bado linaulisha mti, jamani! Na mbolea kwa mzizi uliozubaa ni kuuchoma tu.

Mtoto yeyote wa Pwani anajua ukila kilele, mnazi umekwisha. Kila shina lina kimoja, halichipui ubavuni. Kwa hivyo sisi huanza na kinda, lile kuti changa la katikati ambalo halijafunguka: tunalishika, tunalivuta taratibu. Likichomoka, chini limelainika na linanuka kama muhogo uliovunda, kilele kimeshaoza na tunakwambia ukweli. Likishikilia, tunatia dawa ya ukungu ya shaba katikati ya makuti, tunarudia baada ya siku kumi, na mti unakaa kivulini chini ya mwembe. Si juani, jua la ghafla linaubabua mara ya pili. Maji ni mpaka kidole kikizama kwenye udongo kikute pakavu. Mbolea husubiri kuti jipya lifunguke.

Kazi hiyo ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa chungu, na huenda miezi mitatu. Wapo wanaotucheka: "Si ni kumwagia maji tu?" Basi nenda katafute areka nyingine ya futi sita, uje utuambie bei.

Areka ya yule mama tumeichora mstari wa kalamu kwenye kinda, pale linapotokea. Leo mstari umepanda vidole viwili. Kiyoyozi, anasema, hawezi kukihamisha.