Donda la mguu lisiishie kwenye bandeji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme neno kuhusu vyumba vya kufungia vidonda katika zahanati zetu. Huko ndiko nilikofanya kazi hadi nikastaafu uuguzi.

Mgonjwa mwenye donda sugu la mguu huja na daftari lake. Ukilifunua, ukurasa baada ya ukurasa unakuta maneno yaleyale: safisha, funga, arudi kesho. Miezi inapita. Sukari haijapimwa wala presha. Mwenyewe huko nyumbani keshaanza kupasua vidonge vya rangi mbili na kunyunyizia ule unga, au majirani wamemshawishi kuwa amekanyaga uchawi aliotegewa mlangoni.

Jamani, donda lisilotaka kufunga mara nyingi lina ugonjwa nyuma yake, na mahali lilipo hutoa fununu. Likiwa juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, ngozi imeiva weusi na kukakamaa, na mguu unavimba ifikapo jioni, ujue damu inapata shida kupanda kurudi moyoni. Hilo huwapata sana wanaosimama kutwa, kama walinzi na mama lishe, hasa wakiwa wanene au waliowahi kugandiwa na damu mguuni. Likiwa kwenye unyayo au kidoleni, na mtu anakwambia haliumi, usifurahi. Huenda kisukari kimeshaua neva. Wapo wanaoshinda na msumari ndani ya ndala bila habari, mpaka mtoto aone damu sakafuni. Mvutaji sigara mwenye mguu wa baridi na maumivu yanayomwamsha usiku, mshuku mishipa inayopeleka damu kuziba. Kijana mwenye macho ya manjano na donda kwenye kifundo apimwe selimundu.

Kuyachanganya haya kuna hatari. Donda la yule mlinzi linataka bandeji ya kubana na mguu kuinuliwa. Mbane hivyohivyo mvutaji sigara wetu, na unaweza kumpotezea mguu. Kabla ya kubana, weka vidole viwili juu ya wayo utafute mapigo. Hospitali yenye dopla, yaani kifaa cha kusikiliza damu ikipita kwenye mshipa, ipime vizuri zaidi, lakini vidole kila muuguzi anavyo.

Ninachowaomba waganga wakuu wa wilaya ni hiki: donda la mguu likifikisha wiki mbili, daftari liwe na sukari, presha na wingi wa damu. Sukari ya kabla ya kula ikifika milimoli 7.0 kwa lita, ikarudiwa na kuwa hivyohivyo, huyo ni wa kliniki ya kisukari, hata kama alikuja kubadilisha bandeji tu.

Nitajibiwa kwamba stripu za kupimia sukari huisha. Huisha kweli. Lakini pamba na bandeji hazikosekani sana, kwa sababu mhudumu wa chumba cha vidonda huziagiza mwenyewe. Basi stripu nazo ziingie kwenye oda hiyohiyo.

Muuguzi mstaafu,
Tanga